Hatari za Mradi: Njia Nne za Kuzikabili Kabla Kazi Haijaanza

Mradi wa umma unapokwama, mara nyingi dalili zilikuwepo tangu mwanzo, ila hakuna aliyeamua mapema zifanyiwe nini. Kamati ya mradi ikishaorodhesha hatari, kazi inayofuata ni kuamua jinsi ya kukabili kila moja. Njia ni nne: kuepuka, kupunguza, kuhamisha na kukubali. Mradi wa kisima cha kijiji ni mfano mzuri.

1. Kuepuka

Mpango hubadilishwa ili hatari isiwepo kabisa. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina maji ya ardhini yenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi kwa miaka mingi, huharibu meno ya watoto, na ikiwa nyingi sana huathiri hata mifupa. Ikiwa visima vya jirani vimepimwa na kupatikana na floraidi nyingi, ni busara kutafuta chanzo kingine cha maji. Vivyo hivyo, kiwanja kilichotolewa kwa neno la mdomo kisichimbwe kabla hati hazijatiwa sahihi, kwa maana warithi wanaweza kukidai baadaye. Njia hii hufaa pale madhara ni makubwa na ni vigumu kuyarekebisha.

2. Kupunguza

Hatari nyingine haziepukiki, lakini uwezekano wake au madhara yake hupungua. Uchunguzi wa mtaalamu wa maji ya ardhini hupunguza uwezekano wa kuchimba shimo kavu, ingawa hauuondoi wote. Kuleta mashine kabla ya mvua za masika, zinazonyesha kati ya Machi na Mei, hupunguza uwezekano wa malori kukwama matopeni.

3. Kuhamisha

Mzigo wa gharama hupewa mwingine kwa mkataba au bima. Mkataba unaweza kumtaka mwanakandarasi arekebishe kasoro zitakazojitokeza katika muda uliokubaliwa. Paneli za sola nazo zinaweza kukatiwa bima dhidi ya wizi. Hata hivyo, kinachohamishwa ni gharama tu. Bima hulipa pesa, hailipi maji. Fidia ikichelewa, wakazi ndio watakaorudi mtoni na mitungi. Kwa hiyo bima iende pamoja na ua, taa na mlinzi.

4. Kukubali

Zipo hatari ndogo, au zile ambazo kuzizuia kunagharimu zaidi ya hasara yenyewe. Mfereji wa kutekea maji utaharibika siku moja. Hakuna haja ya kununua mfereji wa bei ghali kupita kiasi. Lakini kukubali si kupuuza. Kamati hutenga akiba ya matengenezo na kumtaja atakayeisimamia.

Jinsi ya kuchagua

Kwa kila hatari, kamati ijiulize maswali matatu: Je, kuna uwezekano gani wa jambo hili kutokea? Likitokea, nani ataumia na kwa kiasi gani? Njia iliyopendekezwa itagharimu pesa ngapi? Baada ya hapo, uamuzi uandikwe pamoja na jina la mhusika na tarehe ya kuuangalia tena, kwa sababu hatari hubadilika kadiri kazi inavyoendelea. Hatari isiyo na mwenyewe hurudi kuwa ya kila mtu, na hakuna anayeishughulikia.

Kifungu cha 196 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki katika shughuli zake. Mradi unapojadiliwa kwenye mkutano, mkazi asiishie kuuliza utagharimu pesa ngapi na utakamilika lini. Aulize pia: ni nini kinachoweza kuuharibu, na nani amepewa jukumu la kukizuia?