Dondoo muhimu: Kupata kimya cha sala Buzwagi

Mgodi mkubwa wa Buzwagi ulisitisha uzalishaji mwaka 2021, lakini Kahama, ulipo mgodi huo, haijanyamaza: karasha za kusaga mawe, bodaboda na spika za baa zinaendelea.

• Amka kabla ya jogoo. Marko 1:35 inamwonyesha Yesu akitoka alfajiri, giza bado, kwenda mahali pasipo watu. Jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa umejaa mlangoni. Hakusubiri apate nafasi.

• Tafuta ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa. Wasukuma wamehifadhi malisho hivi tangu enzi za mababu, na mradi wa HASHI, ulioanza 1986, ulifufua ngitili nyingi mkoani Shinyanga. Chini ya mgunga, mchana wa kiangazi, utasikia njiwa tu. Omba ruhusa kwa mwenye eneo, mwambie mtu unakokwenda, na usikaribie kamwe maduara (mashimo ya wachimbaji) yaliyoachwa. Kingo zake hubomoka.

• Mmepanga chumba kimoja na watoto? Kanisa siku za kazi huwa tupu. Mwombe katekista au mzee wa kanisa akufungulie.

• Simu ibaki nyumbani.

• Unatoka shifti ya usiku? Dakika 10 kabla ya kulala zinatosha kuanzia. Usitafute maneno mengi. Kaa mbele za Mungu. Anza kesho, ndugu yangu.