Mpaka Kichaka Kile



Leo somo letu linatoka katika vitabu vya hadithi. Najua kuna mtu ameanza kugeuza ukurasa. Kikundi kina mbuzi wa maziwa, kina kitalu cha miche, kina mwanachama ambaye hajarudisha mkopo tangu kiangazi, sasa hadithi za watoto zinaingilia wapi hapo? Ngojeni kidogo. Kuna vitabu vinavyoandikiwa watoto wa miaka kama 9 hadi 13, na ndani yake kuna mambo ambayo sisi watu wazima tunayazungumza mkutanoni kila mwezi bila kuyamaliza: maji, deni, shamba, jamaa waliotawanyika, na namna ya kuendelea wakati nguvu zimekwisha.

Nimechagua viwili. Cha kwanza kinatuhusu kwa karibu, maanake sehemu yake inatokea hapa Kenya. Kinaitwa A Long Walk to Water, kimeandikwa na Linda Sue Park wa Marekani, na kilitolewa mwaka wa 2010. Ni kitabu chembamba. Kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi, kwa hiyo kijana wa shule anaweza kukisoma mbele ya kikundi na kueleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani.

Ndani yake kuna watoto wawili, hadithi zao zimesukwa pamoja kama ukili. Mmoja ni Salva Dut, mtu wa kweli, Mdinka wa Sudan Kusini. Mwingine ni Nya, msichana wa Kinuer, ambaye mwandishi alimtunga, lakini maisha yake ni ya wasichana wengi.

Mwaka wa 1985 Salva alikuwa na miaka 11. Yuko darasani, risasi zinalia nje. Mwalimu anawaambia watoto wakimbilie porini, wasikimbilie nyumbani, kwa sababu vita vitaelekea vijijini. Tangu siku hiyo mtoto hajui baba yuko wapi wala mama yuko wapi. Anatembea na watu asiowajua. Usiku mmoja wanamwacha amelala, kwa kuwa mtoto mdogo anachelewesha safari. Mama mzee mmoja anamlisha njugu siku chache, kisha naye inambidi aende zake. Rafiki anayempata njiani, Marial, anachukuliwa na simba usiku.

Halafu anatokea baba yake mdogo, Jewiir. Hapa ndipo naomba tukae.

Wamefika jangwa la Akobo, upande wa kuelekea Ethiopia. Kulivuka ni safari ya siku tatu, kwa jua kali, na maji ni kidogo. Kiatu cha Salva kimekatika, kidole kimeumia, kijana anaanza kulia na kukaa chini. Mzee hamkemei. Hamwambii habari ya Ethiopia wala ya siku tatu. Anamwonyesha kichaka kilicho mbele na kumwambia atembee mpaka pale tu. Wakifika, anamwonyesha jiwe. Wakifika kwenye jiwe, anamwonyesha kitu kingine tena. Basi ndivyo mtoto alivyovuka jangwa, kichaka kwa kichaka.

Sasa tazama sisi tunavyofanya. Kikundi kipya kinaanza, siku ya kwanza mwenyekiti anasimama na kusema tutajenga zahanati. Watu wanapiga makofi. Mwezi wa tatu zahanati haionekani, nusu ya wanachama wameacha kuja. Hakuna aliyewaonyesha kichaka. Lengo la mbali ni zuri, lakini mguu unaouma hauwezi kulitazama kila siku. Mweka hazina anayesema "mwezi huu tunataka mabati manne tu" anawajua watu wake kuliko yule wa zahanati.

Kabla hawajafika Ethiopia, Jewiir anauawa kwa risasi na watu wenye silaha mbele ya macho ya mtoto. Mwandishi hafichi jambo hili, na mimi nadhani amefanya vyema. Watoto wetu wamekwisha kuona mazishi. Salva anaendelea, na kinachoshangaza ni kwamba anajiona ana nguvu zaidi kuliko mwanzo, kama vile wale waliokufa wamemwachia zao.

Anakaa kambi ya Itang huko Ethiopia kama miaka 6. Mwaka wa 1991 serikali ya huko inaanguka na wakimbizi wanafukuzwa kwa bunduki mpaka mto Gilo, wenye mamba, na mvua imeujaza. Wengi wanakufa mtoni. Salva anatoka ng'ambo akiwa hai, na sasa ni kijana mkubwa. Watoto wanaanza kumfuata. Mwisho wanafika kama 1,500, karibu wote wavulana, wengine wadogo sana. Yeye anawapangia kazi: hawa watafute chakula, hawa kuni, hawa walinde wakati wengine wamelala, na wakubwa wabebe wadogo kwa zamu. Mtoto akikaa chini na kusema hawezi, Salva anafanya vilevile alivyofanyiwa na baba yake mdogo. Anamwonyesha pahali pa karibu. Walitembea mwaka mmoja na nusu, na zaidi ya 1,200 wakafika Kenya. Kambi ya Kakuma, pale Turkana, ilifunguliwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya vijana hawa na wenzao. Baadaye Salva alikwenda kambi ya Ifo, karibu na Dadaab, ambako mfanyakazi mmoja wa misaada alimfundisha kusoma Kiingereza.

Watu husema familia ni damu. Katika kitabu hiki damu ilikatika mapema, na waliobaki wakawa jamaa kwa kazi waliyogawana. Yule kijana hakupewa cheo na mtu yeyote. Alipanga zamu, na kwa zamu zile watoto wakawa na kaka.

Mwaka wa 1996 anapelekwa Marekani, mji wa Rochester, anapokewa na familia yenye watoto wanne. Miaka inapita. Siku moja habari inamfikia kwamba baba yake yu hai, yuko hospitali huko Sudan, amefanyiwa upasuaji. Anasafiri. Wanaonana baada ya miaka karibu 19. Na mzee alikuwa ameugua nini? Tumbo lake lilikuwa na minyoo ya Guinea, kutokana na maji machafu aliyokunywa miaka yote.

Ugonjwa huu vijana wa leo hawaujui, na hiyo ni habari njema. Mtu hunywa maji ya bwawa yenye vidudu vidogo sana, na baada ya karibu mwaka mmoja mnyoo mrefu kama uzi hutoboa ngozi, mara nyingi mguuni. Hakuna dawa ya kuuua wala chanjo. Hutolewa pole pole kwa kuuzungusha kwenye kijiti. Kinga yake ni kuchuja maji kwa kitambaa kizuri na kumkataza mwenye kidonda asiingie bwawani. Kwa njia kama hizo, bila sindano hata moja, Kenya ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2018 kwamba haina ugonjwa huu tena.

Hapo ndipo Salva alipopata kazi yake. Alianzisha shirika la kuchimba visima mwaka wa 2003, na kisima cha kwanza kilichimbwa mwaka wa 2005 katika kijiji cha baba yake, Loun-Ariik. Vimechimbwa mamia tangu wakati huo.

Turudi kwa Nya. Mwaka ni 2008, ana miaka 11. Asubuhi anakwenda bwawani na chombo kitupu, anarudi mchana, anakula kidogo, anakwenda tena. Miezi 7 ya mwaka ni hivyo kila siku. Miezi mingine jamaa wote wanahamia kando ya ziwa lililokauka, na huko anachimba tope kwa mikono na kungojea maji yajikusanye. Mwiba umeingia kisiginoni, mama anauchokoa, kesho safari ni ile ile. Shule hakuna.

Mdogo wake Akeer anaharisha, wanambeba mpaka kliniki. Anapona. Muuguzi anawaambia wachemshe maji kabla ya kunywa. Ushauri mzuri. Lakini wakiwa ziwani maji wanayopata ni kidogo mno, hata yakiwekwa motoni yatakauka kabla hayajachemka vya kutosha. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Ni mara ngapi sisi tunaotembelea vijiji tumetoa ushauri wa aina hiyo, tukaandika kwenye ripoti kwamba akina mama wamefundishwa, tukaenda zetu?

Na hapa sitaki tudanganyane juu ya uvumilivu. Salva alivumilia kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Nya naye anavumilia. Lakini tukimsifu msichana kwa kubeba maji saa 8 kwa siku, tunamsifu kwa mzigo ambao watu wazima wangeweza kumwondolea. Wakati wageni wanapofika kijijini kuchimba kisima, mwandishi hasemi wanakijiji walikaa wakitazama. Walifyeka pahali. Akina mama walivunja mawe kuwa kokoto na kuyabeba. Mashine ilisumbua, kazi ikasimama, ikaanza tena. Maji ya kwanza yalitoka na tope, watoto wakavunjika moyo kidogo, kisha yakatakata. Uvumilivu ule ule wa kubeba ndoo ukahamishiwa kwenye kokoto, na baada ya kisima ikaja habari ya shule, na Nya atasoma.

Jinsi hadithi mbili zinavyokutana mwishoni sitawaambia. Nitasema tu kwamba Wanuer na Wadinka walikuwa wakipigana kwa miaka mingi, na mkuu wa wachimbaji si wa kabila la Nya. Someni wenyewe.

Kitabu cha pili nitakipitia haraka. Ni Roll of Thunder, Hear My Cry cha Mildred D. Taylor, Mmarekani mweusi, cha mwaka wa 1976. Kinahusu familia ya Logan huko Mississippi mwaka wa 1933, na msimulizi ni msichana wa miaka 9, Cassie. Jamaa hawa wana kitu ambacho majirani wao weusi hawana: ekari 400 za shamba lao wenyewe. Babu alinunua 200 mwaka wa 1887 na 200 nyingine mwaka wa 1918, na hizi za pili bado zina deni la benki. Baba anafanya kazi ya reli mbali na nyumbani, mama anafundisha shule, nyanya analima. Wote hawa ni ili kodi na deni vilipwe.

Katika eneo lile kuna duka la ndugu watatu wabaya, waliowachoma moto watu weusi. Baba na mama Logan wanashawishi majirani waache kununua pale. Wanakusanya orodha za mahitaji, wanakwenda kununulia wote pamoja mji wa Vicksburg. Yaani ni chama cha kununua kwa pamoja, kama chetu. Kilishindwa wapi? Kwenye mkopo. Wengi walilima shamba la tajiri, na tajiri ndiye aliyewadhamini dukani. Alipotishia kuongeza fungu lake la pamba, wanachama wakaja mmoja mmoja, kwa haya, kusema wanajitoa. Mtoto mkubwa, Stacey, alikasirika sana. Baba yake hakuwatukana wale waliojitoa. Alijua kwamba mwenye shamba anaweza kusimama pahali ambapo asiye na shamba hawezi.

Familia ililipia msimamo wao. Mama akafukuzwa kazi, baba akavunjika mguu, na benki ikadai fedha zote kabla ya wakati. Ndugu ya baba, Hammer, aliyekuwa akijivunia motokaa yake kubwa aliyoileta kutoka Chicago, akaiuza. Wale watoto walioipenda sana ile motokaa wakamwona amefika bila hiyo, na fedha zikalipwa.

Kwa mkutano ujao, zungumzeni haya. Kichaka cha karibu cha kikundi chetu ni kipi, na nani anajua tarehe yake? Mwanachama akijitoa, tunauliza kwanza ana deni kwa nani, ama tunamsema? Ni kitu gani katika nyumba zetu kinachofanana na motokaa ya Hammer?

Na kazi moja ya wiki. Kila mmoja aandike, au amwombe mtoto amwandikie, ni saa ngapi zimetumika nyumbani kwake kuteka maji na kuokota kuni tangu Jumatatu hadi Jumapili, na ni nani aliyekwenda. Msiandike jina la mama peke yake ikiwa aliyekwenda ni binti. Karatasi zile zisomwe kwa sauti mbele ya wanaume wote wa kikundi, kabla ya chai.