Kamasi za baridi siyo mafua, lakini kwa kuku usisubiri

Miezi hii ya sita na ya saba, kila aliyepanda kutoka Kipili kwenda Sumbawanga anaijua hali hii: unashuka kwenye gari asubuhi, pua inaanza kuchuruzika. Unasema, "Tayari, mafua." Mara nyingi siyo mafua.

Kipili tupo kando ya Ziwa Tanganyika, kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga ipo juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Halafu hewa ya kiangazi kule ni kavu.

Mapafu yanataka hewa yenye unyevu na joto la mwili, karibu nyuzi 37. Kazi hiyo inafanywa na pua. Hewa ikiwa baridi na kavu, damu nyingi huja puani kuipasha moto na tezi hutoa maji mengi kuilowanisha. Yanayozidi ndiyo yanayodondoka. Pia mvuke wa pumzi ukigusa ncha ya pua iliyopoa, unageuka matone, kama kwenye mfuniko wa sufuria. Kamasi hizi ni maji tu, hazina homa, na ukikaa penye joto zinakata.

Sasa twende bandani. Mfugaji akiona kuku wanatoa kamasi msimu huu anasema, "Ni baridi tu, jua likiwaka watapona." Hapo ndipo hasara inapoanza. Kwa kuku, kamasi ni dalili ya tatizo. Angalia haya:

1. Mafua ya kuku. Yanaletwa na bakteria. Kamasi zinanuka, uso na macho vinavimba, mayai yanapungua. Dalili huanza siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa, na kuku aliyepona anaweza kuendelea kuambukiza wenzake.

2. Kideri (mdondo). Nao unaweza kuanza na kukohoa na kamasi. Kinga yake ni chanjo.

3. Hewa chafu. Ukiziba banda lote kwa turubai kuzuia baridi, amonia ya kinyesi inabaki ndani. Ukiingia macho yakakuwasha, kuku wameshaumia.

Cha kufanya:
- Ziba upande wa chini upepo usiwapige, acha juu wazi hewa itoke.
- Toa maranda yaliyolowa, weka makavu.
- Kuku mwenye kamasi mtenge siku hiyo hiyo.
- Kuku wageni usiwachanganye na wenyeji.
- Usinunue dawa kwa kubahatisha. Bakteria na virusi havitibiwi sawa, na baada ya dawa kuna siku za kutokuuza mayai wala nyama.

Mwite afisa mifugo wa kata mapema, wakati wanaoumwa ni wachache. Banda likiumwa lote, gharama ni nyingine.