Kusoma Si Kuimba

Mwalimu mstaafu wa mjini Tanga, aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, anazungumza na jirani yake ambaye mwanawe ameanza shule.



MWALIMU: Juma hajambo? Kisomo kinakwendaje?

MAMA JUMA: Hajambo, ila kisomo ndicho kilichonileta. Kitabu chake anakisoma chote bila kukwama, hata akifumba macho. Jana nikamwonyesha neno "kuku" kwenye mfuko wa chakula cha kuku, akanitazama tu. Na neno hilo limo kitabuni mwake!

MWALIMU: Kama anasoma amefumba macho, basi hasomi, anaimba. Darasa lina watoto wengi. Mwalimu anatamka, wote wanaitikia. Mwenye sikio jepesi hushika ukurasa mzima kwa siku chache. Picha ya kuku inamkumbusha mstari. Ondoa picha, na mstari umepotea.

MAMA JUMA: Kwa hiyo nimrudishe kwenye ba, be, bi, bo, bu?

MWALIMU: Huko tutafika. Anza bila kitabu wala kalamu. Mtoto asikie kwanza kwamba neno lina vipande. Mkiwa mnachambua mchele, pigeni makofi: ka-la-mu, matatu. Meza? Mawili. Akizoea, mwambie atafute maneno yanayoanza na sauti moja: mama, meza, moto. Kisha mtajie sauti moja moja, k, u, k, u, akuambie umetaja nini. Asiyeweza hayo kwa sikio, herufi kwake ni michoro tu.

MAMA JUMA: Makofi nayaweza. Lakini "mtu" ni kofi moja au mawili?

MWALIMU: Mawili: m-tu. Hapo Kiswahili kina mtego wake. M hiyo ni silabi peke yake, kama ilivyo katika mtoto na mchuzi. Lakini mbuzi ni makofi mawili tu, mbu-zi, kwa sababu m imeshikamana na b. Sasa taja mbu, huyu anayeleta malaria.

MAMA JUMA: M... bu. Mawili! Ajabu.

MWALIMU: Sikio lako limekuambia, hukuhitaji kanuni. Juma naye atasikia hivyo hivyo ukimwacha aseme taratibu.

MAMA JUMA: Na herufi zenyewe?

MWALIMU: Mpe sauti kabla ya jina. M ni mmm, midomo imefumbwa. S ni sss. Sauti za b na k hazivutiki, zitamke kwa mkato. Ukimfundisha kwamba k ni "ke", siku ya kuunganisha k na u atakuambia "keu", na "ku" hataiona. Majina ya herufi atayajua baadaye. Yana kazi yake wakati wa kutaja tahajia.

MAMA JUMA: Mtoto wa jirani yangu mwingine anajua ei, bi, si, mpaka mwisho. Wivu ulinishika.

MWALIMU: Usishikwe. Kwa Kiingereza herufi e huitwa "i". Mtoto aliyebeba jina hilo peke yake, akikutana na "meli" atasoma "mili". Irabu zetu ni 5, na kila moja ina sauti ileile popote utakapoikuta. Akijua kuunganisha sauti kwa lugha anayoisikia nyumbani, ufundi huo atakwenda nao hata kwenye Kiingereza, ambako herufi moja hubadilika sauti neno hadi neno.

MAMA JUMA: Basi nianze na zipi?

MWALIMU: Irabu zote, kisha m, k na t. Usifuate mpangilio wa alfabeti. Kwa herufi hizo 8 tayari ana moto, kuku, kiti, tamu, tatu. Ziandike kwenye vizibo vya soda. Asogeze k na u vikutane, atamke "ku". Abadilishe irabu: ka, ko, ki. Hapo ndipo ba, be, bi, bo, bu yako inapofaa, mradi uichanganye: mwonyeshe bo, halafu bi, halafu ba. Ukifuata safu ileile, ataimba tena. Ongeza l, n na s, moja moja. B na d usizilete pamoja. Zinafanana, na watoto wengi huzigeuza. Ch, sh, ny na ng' zingoje mpaka silabi nyepesi zimkae.

MAMA JUMA: Baba yake humkaripia akisema "karamu" badala ya "kalamu".

MWALIMU: Mwambie aache. Lugha nyingi za nyumbani hazitenganishi l na r, na mtoto husema alivyosikia. Mwandikieni yote mawili: kalamu ya kuandikia, karamu ya harusi. Aone herufi moja inavyomtoa kwenye daftari ikampeleka kwenye pilau. Ukimkaripia atanyamaza, na mtoto anayenyamaza hujui amekwama wapi.

MAMA JUMA: Nisije nikapingana na mwalimu wake shuleni.

MWALIMU: Hupingani naye. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umeegemea KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kutambua sauti za herufi kumo humo. Kenya nao, katika mpango wa Tusome, walishika njia ya sauti na silabi. Kinachomwelemea mwalimu ni idadi: hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake kila siku. Wewe unaye mmoja. Dakika 15 baada ya chakula zinatosha, na mkomee kabla hajachoka.

MAMA JUMA: Vitabu sina, zaidi ya hicho cha shule.

MWALIMU: Una kanga ngapi?

MAMA JUMA: Aa, Mwalimu! Nani huzihesabu?

MWALIMU: Basi vya kusoma unavyo. Jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, naye atazijulia hapo. Alisome, kisha umwulize lina maana gani. Watoto hupenda mafumbo. Yale ya kumsuta jirani yaache chini ya sanduku. Msome pia mifuko ya unga, vibao vya maduka, ubavu wa daladala. Na wewe msomee hadithi, mpumzike katikati umwulize: unadhani sungura atafanya nini? Kutamka bila kuelewa bado si kusoma.

MAMA JUMA: Nitajuaje kwamba ameacha kuimba?

MWALIMU: Mtungie maneno ambayo hayapo: lotiba, sakume. Hakuna picha ya kumwokoa, wala hajayasikia popote. Akiyatamka, ujue anazisoma herufi. Halafu ngoja uone. Akilipita tu na kudai neno jingine, amefika nusu ya safari. Akisimama akakuuliza, "Mama, sakume ndiyo nini?", ujue anasoma na anatafuta maana. Hapo mnunulie kitabu cha pili.