Shangazi Anajibu: Ujenzi Mchana, Elektromekanika Jioni?



Nina miaka 20. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, sasa tunakaa Gasenyi, baba alikojenga. Nina A2 ya umeme, cheti cha shule ya ufundi, na Mungu akajalia nikafaulu Mtihani wa Serikali. Nimepelekwa uhandisi, Chuo Kikuu cha Burundi, kampasi ya Mutanga. Karibuni natakiwa niandike idara ninayoitaka, na hapo ndipo nilipokwama.

Baba ni mwashi, ana vijana wake wa kazi, na tangu utotoni ananiambia nisome uhandisi wa ujenzi ili siku moja mimi nisaini ramani, yeye ajenge. Mjomba ana garaji Buyenzi, na ndiye aliyenilipia shule ya ufundi. Yeye anataka elektromekanika. Mimi mwenyewe napenda vyote viwili, wallahi. Siku za mapumziko navuta waya kwenye nyumba mpya za huku Gasenyi, napata chochote.

Binamu yangu yuko Marekani. Anasema kule mtu anasoma fani mbili za uhandisi pamoja na anatoka na zote. Basi nimepanga hivi: mchana ujenzi Mutanga, jioni elektromekanika kwenye chuo cha binafsi mjini. Mama anauza vitenge soko la Cotebu, na amesema minervale, yaani ada, ya jioni atailipa yeye. Rafiki zangu wanasema mwenye vyeti viwili hakosi kazi. Shangazi, niendelee?

Kijana wa Gasenyi

*

Hongera kwa kufaulu, mwanangu. Jibu langu ni hapana, usiendelee na mpango huo. Sasa kaa nikueleze, maana najua "hapana" tupu haimridhishi mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake usiku.

Tuanze na binamu. Hakudanganyi, lakini amekueleza nusu. Huko Marekani mwanafunzi hukusanya krediti, na shahada moja huhitaji kama 120 au 130 hivi. Anayesoma fani mbili hasomi shahada mbili kamili. Hisabati, fizikia, kemia na lugha anazisoma mara moja tu, zinahesabiwa pande zote mbili, na nafasi ambazo wenzake wanazijaza kwa masomo ya hiari yeye anazijaza kwa fani ya pili. Ndiyo maana wengi wanaofanya hivyo huunganisha fani zilizo jirani, kama mekanika na uhandisi wa ndege. Hata hao, mara nyingi huongeza muhula au mwaka mzima, na kila muhula una ada yake. Tena wote wako chuo kimoja, chini ya ofisi moja inayojua nani amefanya nini.

Kwetu mambo hayajapangwa hivyo. Tangu tuingie mfumo wa krediti wa BMD, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na bakalorea ya miaka 3 ni 180. Mwenye kuupanga mfumo amekadiria kuwa 60 ni kazi ya mtu mmoja mwenye afya kwa mwaka mzima. Wewe unataka kubeba 120 kila mwaka, kwenye vyuo viwili visivyojuana, na hisabati ya Mutanga haitakusamehe hisabati ya jioni. Utafanya mitihani miwili ya somo lile lile, pengine wiki moja. Mwishoni utakuwa na memwari (tasnifu) mbili na staji (mafunzo ya kazini) mbili. Nani atakupa staji mbili wakati wenzako wanahangaika kupata moja?

Halafu kuna barabara. Kutoka Gasenyi hadi Mutanga kupitia Gihosha si mbali kwa kilomita, lakini nani siku hizi anapima safari ya Bujumbura kwa kilomita? Tunaipima kwa foleni ya bisi. Unajua uhaba wa mafuta ulivyotufanyia, watu wanatoka kazini saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku bado wamesimama kituoni. Tuktuk na pikipiki nazo zilizuiwa kuingia katikati ya mji mwaka 2022. Wewe utoke Mutanga, ushuke mjini kwenye chuo cha jioni, halafu utafute gari la kukurudisha Gasenyi usiku, siku tano kwa wiki, miaka mitatu. Kazi ya nyumbani ya mekanika utaifanya saa ngapi? Hujifunzi uhandisi darasani tu, unajifunza pale unapokaa na zoezi moja linakukatalia mpaka likubali.

Na kabla sijasahau: bursa ya serikali tangu 2017 si zawadi tena, ni mkopo. Ukirudia mwaka Mutanga kwa sababu ya chuo cha jioni, deni linabaki lako. Nenda ofisi ya skolarite ukaulize masharti ya mkopo wako yanasemaje kuhusu kuandikishwa sehemu mbili. Usome mwenyewe, usihadithiwe.

Sasa hilo la "vyeti viwili hakosi kazi". Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu linasemwa sana na vijana wengi wanaliamini.

Wewe unakaa Gasenyi, mfano uko mlangoni kwako. Ikulu ya Ntare Rushatsi, ile waliyoijenga Wachina huko kwenu na kuikabidhi 2019, ina msingi na nguzo, ina nyaya, ina majenereta, ina pampu za maji na mashine za hewa. Jengo kama lile halikosi karibu fani yoyote ya uhandisi. Lakini mahesabu ya nguzo hupigwa na kusainiwa na mhandisi wa ujenzi, ya umeme na wa umeme. Hakuna mwenye mradi anayemtafuta mtu mmoja asaini vyote, hata kama mtu huyo ana vyeti ukuta mzima. Anataka wa kila kazi awe bingwa wa kazi hiyo, kisha waelewane.

Rusumo ni hivyo hivyo. Bwawa lile la megawati 80 linalogawiwa kwetu, Rwanda na Tanzania lina watu wa zege na watu wa mitambo, na njia za umeme zina watu wake. Na reli ya Uvinza hadi Musongati, iliyowekewa jiwe la msingi Agosti 2025: tuta na madaraja ni ya ujenzi, lakini treni ya umeme haiendi kwa tuta peke yake. Kazi zitakuwepo pande zote mbili. Swali watakalokuuliza ni moja: unajua nini kwa undani, na umefanyia wapi?

Ukivuka mpaka ni vile vile. Bodi ya wahandisi ya Tanzania humsajili mtu kwa fani yake, na mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi si chini ya miaka 3 kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Kenya, Uganda na Tanzania zilitiliana saini mwaka 2012 kutambuana wahandisi wao, Rwanda ikafuata. Sisi hatukuwemo katika saini hizo. Maana yake Mrundi anayekwenda Dar es Salaam au Nairobi hufunguliwa karatasi moja baada ya nyingine: ulisoma somo gani, ulipata ngapi. Hapo cheti kimoja chenye alama nzuri kinapita mbele ya viwili vyenye 10 juu ya 20 kila mstari.

Lakini mwanangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na sidhani shida yako ni kazi. Shida yako ni baba na mjomba. Umetafuta njia ya kumpa kila mmoja cheti chake ili asikasirike mtu. Naielewa heshima hiyo, na ni nzuri. Ila wewe si shamba la urithi hata ugawanywe. Utakayefanya kazi hiyo miaka 40 ni wewe.

Kwa hiyo uchague. Ukiniuliza mimi, andika elektromekanika.

Sababu yangu ya kwanza iko ndani ya jina lenyewe. Idara hiyo ni umeme na mekanika pamoja. Unatafuta fani mbili, na hapo ziko mbili kwenye mlango mmoja pale Mutanga, kwa mkopo mmoja na memwari moja. Wakenya wanayo yao ya kufanana, mekatroniki, inayofundishwa kwenye vyuo vya Juja na Nyeri, nayo ni shahada moja. Ya pili, una A2 ya umeme. Mwenzako aliyetoka sekondari ya kawaida ataanza kujua fyuzi ni nini wakati wewe umeshaungua vidole. Ya tatu, umeme ndio unaotusumbua nchi nzima, na mtu anayeweza kufunga pampu, kutengeneza jenereta na kuhesabu paneli za jua hatakaa muda mrefu nyumbani. Nimeisoma pia ile sentensi yako kuhusu kuvuta waya siku za mapumziko. Hakuna aliyekulazimisha, na hujaniandikia kwamba siku hizo unachanganya mchanga na baba.

Ujenzi usiuache. Huo utausoma bure, na mwalimu unaye nyumbani. Wewe unajua nyumba za Gasenyi zinavyojengwa: zege la dari linamwagwa, ukuta unapigwa plasta, ndipo fundi umeme anaitwa. Anakuja na patasi na nyundo, anachimba mfereji kwenye plasta mbichi, anakata hata pale pasipokatwa, kisha mwashi anarudi kuziba na mwenye nyumba analipa mara mbili. Bomba za waya zilitakiwa zilale kabla ya zege. Waya wa ardhi nao ulitakiwa ufikiriwe wakati msingi uko wazi, lakini nyumba ngapi hapo kwenu zinao? Kijana wa elektromekanika anayejua kusoma ramani ya baba yake, anayejua nondo gani haiguswi, ataokoa fedha za watu na jina lake litatembea. Hilo halihitaji shahada ya pili. Linahitaji Jumamosi zako mbili kwa mwezi kazini kwa baba, na daftari.

Nitakuwa mwadilifu kwa upande wa baba pia. Kama ungeniambia kinachokunyima usingizi ni lile korongo linalokula viwanja huko kwenu, au usiku ule wa tarehe 9 Februari 2014 maji yaliposhuka milimani yakaua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa jiji, ningekuambia bila kusita uandike ujenzi. Bujumbura inawahitaji sana wahandisi wa mifereji na kingo za mito. Kama jambo hilo limo moyoni na umesahau tu kuliandika, basi geuza ushauri wangu, uandike ujenzi na umeme ubaki kazi ya mikono yako. Lakini iwe moja.

Wala usiogope kwamba ukichagua leo umefungwa milele. Mwanzo wa uhandisi wowote ni ule ule: hisabati, fizikia, mekanika, uchoraji. Ukimaliza bakalorea kuna uzamili wa miaka 2, na hapo unaweza kusogea upande wa nishati au maji. Kigali kuna tawi la chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani, linalotoa shahada za uzamili za umeme na kompyuta, na Warundi si wageni huko. Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris wa 1889, alihitimu 1855 akiwa amebobea katika kemia, naye alikuwa na mjomba mwenye kiwanda cha siki aliyetarajiwa kumpa kazi. Familia zikagombana, kijana akaenda kwenye vyuma. Simtaji ili ugombane na mjomba wako, hapana. Namtaja kwa sababu alikuwa na cheti kimoja, tena cha kitu kingine.

Kwa baba nenda wewe mwenyewe, jioni akishaoga na kula, usimtume mama. Mwambie, "Baba, nimechagua hivi, na Jumamosi nakuja kazini kwako unifundishe." Mwashi aliyefanya kazi miaka yote hiyo hatachukia kuombwa afundishe. Mjomba atafurahi, lakini naye mweleze mapema kwamba elektromekanika si ahadi ya kurithi garaji. Afadhali ajue leo.

Na minervale ya mama, usiipokee. Fedha hiyo ni mtaji. Akiitoa kwenye vitenge miaka mitatu mfululizo, meza yake Cotebu itakuwa tupu kabla wewe hujapata staji ya kwanza. Mshukuru, mbusu mkono, mwambie akanunulie mzigo.

Kajaze fomu ya idara wiki hii, usingoje siku ya mwisho.