Alumaji ya pikipiki: kiboksi kipya, hatari za kale



Asubuhi moja, mbele ya sirena ya kazi, walituletea kwenye dispanseri kijana mmoja wa atelieri ya umeme. Kifundo cha mguu wake wa kuume kilikuwa kimevimba sana. Hakuanguka barabarani, wala hakugongwa na kamyo. Alikuwa amesimama katika uwanja wa nyumba yake, akapiga kiki ya pikipiki, na kiki ikarudi juu kwa nguvu ikamvunja mfupa. Pikipiki ilikuwa na kiboksi cha alumaji alichokitengeneza yeye mwenyewe. Kazi ilikuwa safi, nyaya zimepangwa vizuri. Kosa lilikuwa namba moja tu katika programu. Juu ya namba ile alikaa nyumbani wiki nyingi, na bibi yake akabeba maji peke yake.

Hatusemi: usitengeneze. Mtu mwenye akili ya kutengeneza ni mali ya kambi nzima. Tunasema: kwanza jua kitu unachokishika. Ndilo somo letu la mwezi huu.

1. Alumaji inafanya nini?

Ndani ya silinda, pistoni inapanda na kubana mchanganyiko wa upepo na esanse. Karibu pistoni kufika juu, buji inatoa cheche. Moto unawaka na kusukuma pistoni chini. Basi pikipiki inatembea.

Cheche inatoka kwenye bobini. Bobini ina nyaya mbili za shaba zilizozungushwa juu ya chuma: waya mnene wa mizunguko michache, na waya mwembamba sana wa mizunguko maelfu. Ndiyo shaba ile ile tunayoitafuta ardhini. Umeme wa batri, voliti 12, unapita katika waya mnene. Ukikatwa kwa ghafula, waya mwembamba unatoa voliti 15.000, 20.000, hata kupita. Katika pikipiki za zamani, mkataji ni platini, vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufungana. Vinaungua, vinalika, na kila mara shuruti kuvirekebisha. Kwa sababu hiyo watu wanataka kuviondoa na kuweka kiboksi cha programu.

2. Kwa nini cheche inatangulia?

Moto hauwaki mara moja. Unataka muda kidogo, tuseme milisekunde 2, maana yake sehemu mbili za elfu za sekunde. Mashini ikizunguka mara 1.500 kwa dakika, katika milisekunde moja inageuka digri 9. Ikizunguka mara 6.000, katika muda ule ule inageuka digri 36. Cheche isipotangulia, pistoni itakuwa imekwisha kushuka wakati moto unapopata nguvu, na nguvu itapotea bure.

Kwa hiyo mashini ikienda polepole, cheche inatangulia kidogo; ikikimbia, inatangulia zaidi. Lakini hatuongezi mara nne, kwa sababu mashini ikikimbia upepo unavurugika ndani ya silinda na moto unawaka upesi zaidi. Pikipiki nyingi zinaanzia digri 5 mpaka 15 zikienda polepole, na kufika karibu digri 30 zikikimbia. Kipimo cha kweli kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Usichukue cha jirani.

3. Kiboksi kinahesabu namna gani?

Karibu na gurudumu zito la mashini tunaweka kaptere, yaani jicho linaloona kipande cha chuma kikipita. Tuseme ncha ya kwanza ya chuma inapita digri 40 kabla ya pistoni kufika juu. Kompyuta ndogo inapima muda wa mzunguko mmoja, inatazama katika jedwali digri zinazotakiwa, inangoja, kisha inatoa amri ya cheche.

Tuhesabu pamoja. Kwa mizunguko 6.000, mzunguko mmoja ni milisekunde 10. Jedwali linataka digri 30. Kutoka 40 mpaka 30 ni digri 10, basi kompyuta inangoja karibu mikrosekunde 278. Kwa mizunguko 1.500, mzunguko mmoja ni milisekunde 40. Jedwali linataka digri 15. Hapa inangoja digri 25, karibu mikrosekunde 2.780.

Vijana wengi wanatumia kibao kiitwacho Arduino, kilichoanza katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Aina inayojulikana sana inapiga hatua milioni 16 kwa sekunde moja. Katika mikrosekunde 278 inapiga zaidi ya hatua 4.000. Kwa kazi hii haraka yake inatosha.

Sasa tutazame kosa la ndugu yetu. Mtu akipiga kiki, mashini inazunguka polepole sana, tuseme mara 400 kwa dakika. Katika milisekunde 2 inageuka karibu digri 5 tu. Yeye aliandika digri 30 hata katika mstari wa kuanzisha. Moto ukawaka wote pistoni ikiwa bado inapanda. Moto ukaisukuma nyuma, mashini ikageuka kinyume, na kiki ikamrudia mguuni.

Dawa yake ni hii: kipande cha chuma kiwe na ncha ya pili, inayopita digri 5 mpaka 10 kabla ya juu, kwa kufuata kitabu cha mashini. Wakati wa kiki, programu isihesabu kitu. Itoe cheche pale ncha ya pili inapopita, basi. Jedwali lianze kutumika mashini ikiisha kuwaka na kuzunguka sawasawa.

4. Sheria sita za kutengeneza

a) Kompyuta ndogo isiguse bobini. Yenyewe inafanya kazi kwa voliti 5. Kati yao weka transista ya nguvu iliyotengenezwa kwa bobini za alumaji, iitwayo IGBT. Waya unaokatwa unarudisha voliti mia kadhaa, hata upande wa waya mnene.

b) Weka fiuzi karibu na batri, na kirekebishaji cha voliti mbele ya kibao.

c) Programu ikate umeme wa bobini kama mashini imesimama na kontakti ingali wazi. Bila hivyo bobini inapata moto na kuungua, labda chini ya tanki ya esanse.

d) Kitufe cha kusimamisha kikate umeme wa bobini chenyewe, bila kuomba ruhusa kwa programu. Wenzetu wa konveyori wanajua: kamba ya kusimamisha haiulizi mtu swali.

e) Tumia kofia ya buji yenye rezistansi, mara nyingi omu 5.000. Cheche inatupa kelele ya umeme, na kelele hiyo inaweza kuchanganya kompyuta. Kompyuta ikichanganyikiwa wakati unapita mbele ya kamyo la mawe, mashini inazimika palepale.

f) Jaribu kwanza juu ya meza, bila esanse. Kisha nje, pikipiki imesimama imara. Tazama alama za mashini kwa lampi ya stroboskopu, polepole na kwa mbio, na uzilinganishe na jedwali. Safari ya kwanza iwe fupi, ndani ya kambi, kofia kichwani.

5. Hatari ambazo dispanseri inazijua

Umeme. Cheche ya buji mara nyingi haiui mtu mwenye afya, lakini inamrusha. Mkono unaingia katika cheni, kichwa kinagonga ukuta. Mtu mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa. Jihadhari na viboksi vya aina ya CDI: ndani mna kondansateri inayobeba voliti 200 mpaka 400, na inaweza kubaki nazo hata kontakti ikifungwa. Fanya kama kwenye mgodi: funga umeme, ondoa waya wa batri, pima, ndipo uguse.

Moto. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko upepo, unatambaa chini. Ukijaribu cheche, buji iguse chuma cha mashini vizuri, mbali na tundu lake, maana tundu linatema esanse. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Usimwage maji juu ya esanse inayowaka, yataieneza.

Moshi. Usiwashe mashini ndani ya nyumba wala ndani ya garaji iliyofungwa, hata usiku wa mvua, hata kwa dakika chache. Moshi una monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, mtu anatapika, miguu inalegea, kisha analala asiamke. Watu wa chini ya ardhi wanaijua baada ya baruti. Kwa nini uipeleke kwa watoto wako?

Macho yanayodanganywa. Chini ya lampi ya stroboskopu gurudumu linaloruka linaonekana kama limesimama. Usilinyooshee kidole. Vua pete, funga mikono ya shati.

Risasi. Bati la kulehemu mara nyingi limechanganywa na risasi, ambayo inaharibu akili ya mtoto. Mama, usikubali kazi hii ifanyike juu ya meza ya chakula. Dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na matone ya bati yaokotwe yote chini.

6. Ajali ikitokea

Kwanza funga kontakti, kisha ndipo umguse mtu.

Kama haamki na hapumui vizuri, tuma mtu kuita msaada, nawe anza mara moja: mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Anayejua kupulizia atoe pumzi 2 baada ya kila mabonyezo 30. Asiyejua aendelee kubonyeza tu mpaka msaada ufike.

Kidonda cha moto: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Si mafuta ya ngazi, si dawa ya meno, si yai.

Mfupa: usiuvute wala kuukanda. Ufunge na ubao kama ulivyo, umlete mtu.

Moshi: mtoe nje penye upepo, hata kama anasema amepona. Mlete. Na yeyote aliyepigwa na umeme, akisikia moyo unaruka-ruka au akizimia hata kidogo, asingoje kesho.

7. Maulizo ya kujipima

– Kwa mizunguko 3.000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde ngapi? (Jibu: 20.)
– Kaptere iko digri 40, jedwali linataka digri 22. Kompyuta ingoje digri ngapi? (Jibu: 18, ni sawa na milisekunde 1.)
– Wakati wa kiki, nani anaamua cheche: jedwali au ncha ya pili ya chuma?

Ulizo la tatu hatulijibu. Ndugu yetu wa atelieri amekwisha kulijibu kwa mguu wake. Leo anatembea tena, pikipiki yake inawaka kwa kiki moja, na mbele ya kuandika namba mpya anampa mwenzake aisome. Nawe fanya hivyo. Macho manne yanaona kuliko mawili, na mwenzako akikuonyesha kosa kwenye karatasi, amekuokolea safari ya dispanseri.