Malaria Sugu na Mama Mjamzito: Kwa Nini Dawa Iliyoshindwa Kutibu Bado Hutumika Kukinga?

Mama mjamzito ahudhuriapo kliniki katika sehemu nyingi za Tanzania hupewa vidonge vitatu vya dawa iitwayo SP, akavimeza palepale mbele ya muuguzi. Jina hilo ni kifupisho cha dawa mbili zilizounganishwa: sulfadoksini na pirimethamini. Lakini dawa hiyohiyo iliacha kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali Tanzania Bara mwishoni mwa mwaka 2006, kwa kuwa vimelea vingi vilikuwa haviuawi nayo tena. Mwanafunzi mwenye kufikiri ataona hapa jambo linalopingana. Ikiwa dawa imeshindwa kumtibu mtoto mwenye homa, yawezaje kumfaa mama na mtoto aliye tumboni?

Ili kulijibu swali hili hapana budi kufahamu mambo matatu: jinsi kimelea kinavyojificha katika mwili wa mjamzito, jinsi usugu wa dawa unavyotokea, na tofauti iliyopo kati ya kutibu na kukinga.

Kimelea na kondo la nyuma

Malaria iliyo hatari zaidi katika Afrika husababishwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho huenezwa na mbu jike wa jamii ya Anofelesi. Mbu aumapo, vimelea huingia katika damu na kwenda katika ini. Baada ya muda wa juma moja hivi hutoka humo na kuzivamia chembe nyekundu za damu. Kila baada ya saa 48 hivi chembe zilizovamiwa hupasuka, na vimelea vipya huvamia chembe nyingine.

Chembe iliyopevuka kimelea ndani yake ingepita katika wengu ingechujwa na kuharibiwa. Kimelea huepuka hatari hiyo kwa kutokeza protini juu ya uso wa chembe, nayo chembe hunata katika kuta za mishipa midogo ya damu. Mtu aliyekulia mahali penye malaria nyingi hujenga polepole kingamwili zinazozitambua protini hizo. Ndiyo sababu mtu mzima wa mahali kama hapo aghalabu haugui sana.

Mwanamke apatapo mimba, kiungo kipya huota katika mwili wake, nacho ni kondo la nyuma. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vilivyotolewa katika kondo hunata katika dutu moja ya jamii ya sukari iliyomo humo, iitwayo kondroitini salfati A. Vimelea vya watu wasio na mimba kwa kawaida havifanyi hivyo. Kimelea hutumia kwa kazi hiyo protini ya pekee iitwayo VAR2CSA. Kwa kuwa mwanamke hakuwahi kuwa na kondo kabla ya mimba yake ya kwanza, kingamwili zake hazijaifahamu protini hiyo. Kwa hiyo, mahali penye malaria nyingi, mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na hatari hupungua katika mimba zinazofuata. Mahali penye malaria chache wanawake hawana kinga ya kutosha, hivyo kila mimba imo hatarini, na mama mwenyewe aweza kuugua vibaya.

Vimelea vinapojikusanya katika kondo, chembe za kinga hukusanyika pia na kondo huvimba. Chakula na hewa ya oksijeni havimfikii mtoto ipasavyo. Mama hupungukiwa damu. Mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akiwa na uzito ulio chini ya gramu 2,500, au akafa kabla ya kuzaliwa. Mtoto mwenye uzito pungufu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika mwaka wake wa kwanza. Na yote haya huweza kutokea ilhali mama hana homa, na hata damu iliyochukuliwa kidoleni haionyeshi kimelea, kwa sababu vimelea vimejificha katika kondo.

Usugu hutokea vipi?

Watu husema kwamba vimelea "vimeizoea" dawa. Usemi huu hauko sahihi. Kimelea kimoja hakijifunzi kuvumilia dawa kama mtu anavyojizoeza kubeba mzigo. Vimelea vinapozaliana kwa mamilioni, makosa madogo hutokea katika kunakili jeni zao. Makosa mengi hayana faida. Lakini mara chache kosa hubadilisha kidogo umbo la protini ambayo dawa hushikamana nayo. Dawa inapotumiwa, vimelea vya kawaida hufa, na chenye badiliko hilo husalia na kuzaa. Dawa haikuumba usugu, imeuchagua.

SP ni mfano mzuri. Kimelea huhitaji foleti ili kitengeneze jeni zake, nacho hujitengenezea foleti hiyo kwa hatua kadhaa zinazosimamiwa na vimeng'enya. Sulfadoksini huziba hatua moja, na pirimethamini huziba nyingine iliyo mbele yake. Kimelea chenye mabadiliko matatu katika jeni ya kimeng'enya kinachozibwa na pirimethamini, na mawili katika jeni ya kile kinachozibwa na sulfadoksini, huwa na jumla ya mabadiliko matano. Vimelea vya namna hiyo vimeenea sana katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Mahali pengine limeongezeka badiliko la sita, katika nafasi ya 581 ya protini ya pili, nalo hukikinga kimelea zaidi.

Mwendo wa dawa katika Afrika ya Mashariki

Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa rahisi na ya kutegemewa, na katika nchi nyingi za Afrika wajawazito walipewa kila juma ili iwakinge. Usugu dhidi yake ulionekana kwanza Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1978 ulithibitishwa kwa wageni waliokuwa wamepatia malaria Kenya na Tanzania. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, Kenya mwaka 1998 na Tanzania Bara mwaka 2001, zote zikashika SP. Usugu dhidi ya SP nao ulienea haraka, na dawa mseto zenye artemisinini zikachukua nafasi yake katika matibabu.

Malawi ilitoa fundisho kubwa. Baada ya klorokwini kuachwa, vimelea sugu vilipungua mwaka hata mwaka. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa klorokwini ilikuwa imerudi kuwaponya karibu watoto wote waliopewa. Badiliko la jeni lina gharama yake: pasipo dawa, kimelea cha kawaida humshinda mwenzake sugu. Usugu, basi, ni mizani inayoelemea upande ule ambao matumizi ya dawa yanausukuma.

Kutibu na kukinga si jambo moja

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Mtoto mwenye homa kali ana vimelea vingi sana, na kinga yake ni ndogo. Dawa hulazimika kuviua vyote upesi, na vichache vikisalia ugonjwa hurudi. Mama mjamzito apewaye SP kliniki aghalabu haugui; vimelea alivyo navyo, kama vipo, ni vichache, na kinga ya mwili wake husaidiana na dawa. Zaidi ya hayo, SP hukaa katika damu kwa majuma kadhaa, na kwa muda huo huzuia vimelea vipya visistawi. Usugu unapoongezeka, muda huo wa ulinzi hufupika. Ndiyo sababu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, mahali penye malaria ya kadiri au nyingi, SP itolewe katika kila hudhurio la kliniki lililopangwa, kuanzia mwezi wa nne wa mimba, mradi uwepo mwezi mmoja angalau kati ya dozi na dozi, ili mama apate dozi tatu au zaidi.

Hata hivyo SP ina mpaka wake. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa Muheza, mkoani Tanga, ambako badiliko la sita lilikuwa limeenea, ulionyesha kuwa baadhi ya wanawake waliotumia SP walikuwa na vimelea sugu vingi zaidi katika kondo. Inadhaniwa kwamba dawa iliua vimelea dhaifu na kuwaachia uwanja vile vilivyo sugu. Utafiti uliofuata nchini Malawi haukuona madhara hayo. Mambo haya mawili hayana budi kusomwa pamoja, kwani hali ya vimelea hutofautiana mahali na mahali.

Watafiti walitafuta dawa ya kuirithi SP. Dawa mseto ya dihaidroatemisinini na piperakwini ilijaribiwa Kenya na Uganda, ikapunguza malaria kwa wajawazito kuliko SP. Jaribio kubwa zaidi, lililohusu wanawake zaidi ya 4,600 wa Kenya, Malawi na Tanzania, lilitangazwa mwaka 2023. Dawa hiyo mpya ilipunguza malaria tena. Lakini matokeo ya uzazi hayakuwa mema zaidi. Kinyume chake, yalikuwa afadhali kwa wanawake waliopewa SP. Yaelekea kwamba SP humsaidia mama kwa njia nyingine pia, pengine kwa kupambana na bakteria, kwa kuwa sulfadoksini ni ya jamii ya dawa za salfa.

Hivyo dawa iliyoshindwa kutibu bado hutolewa, si kwa mazoea, bali kwa sababu imepimwa kwa uzito wa watoto wanaozaliwa.

Hatari mpya

Mjamzito akiugua malaria yenyewe, SP haitoshi. Hutibiwa kwa dawa zenye artemisinini. Zamani dawa hizi ziliepukwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba na kwinini ikatumika badala yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba artemeta na lumefantrini, yaani ALu, yaweza kutumika tangu miezi hiyo ya kwanza.

Lakini artemisinini nayo imeanza kukabiliwa na usugu. Uliotambuliwa kwanza magharibi mwa Kambodia umefuatwa na mwingine uliozuka hapa Afrika kwenyewe: vimelea vyenye mabadiliko ya jeni iitwayo kelch13 vilitangazwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na baadaye mkoani Kagera, Tanzania. Vimelea hivyo huondoka katika damu polepole zaidi vinapopigwa na dawa. Dawa mseto bado huponya iwapo dawa ya pili katika mseto ina nguvu. Kwa mjamzito, ambaye dawa anazoweza kupewa kwa salama ni chache, kuipoteza hata moja ni hasara kubwa.

Yapasayo kuzingatiwa

Mama aanze kliniki mapema, alale katika chandarua kilichotiwa dawa kila usiku, na apimwe damu mara aonapo homa. Dozi imezwe yote. SP haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Vilevile haitolewi kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia kotrimoksazoli, kwa kuwa zote mbili zina salfa. Vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5 hudhoofisha SP, maana humpa adui foleti aliyozuiwa kuitengeneza. Vile vya miligramu 0.4 havina tatizo hilo.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wachukue maharage mekundu 95, yawe vimelea vya kawaida, na meupe 5, yawe vimelea sugu. Dawa huua vinne katika kila vimelea vitano vya kawaida, lakini haiui vilivyo sugu. Yaondolewe mekundu 76. Yatabaki mekundu 19 na meupe 5. Kisha waliobaki "wazaliane" mpaka wafike tena 100 bila kubadili uwiano: mekundu 79 na meupe 21. Zoezi lirudiwe mara mbili zaidi. Sehemu ya vimelea sugu itapanda takriban hivi: 5, 21, 57, 87 katika kila 100. Matokeo yachorwe kwa grafu.

Maswali

1. Eleza kwa nini usemi "vimelea vimeizoea dawa" hauko sahihi.
2. Kwa nini mimba ya kwanza ina hatari zaidi mahali penye malaria nyingi?
3. Mjamzito amepimwa damu ya kidole na hakuonekana kimelea. Je, hilo lathibitisha kwamba kondo lake ni salama? Toa sababu.
4. Katika zoezi la maharage, fikiria kwamba dawa imeachwa, na kila kizazi vimelea sugu huzaa nusu ya wanavyozaa vya kawaida. Kwa kuanzia na sugu 87 katika 100, kokotoa vizazi vitatu, kisha ulinganishe na yaliyotokea Malawi.